Kupunguza kelele unaporekodi sauti nyumbani: chumba kwanza, kompyuta mwisho

Kelele kwenye rekodi hupimwa kwa kulinganishwa na sauti ya msemaji. Feni ileile inayokera kwenye rekodi ya mtu aliyekaa nusu mita kutoka kwenye maiki hufifia sana akisogea hadi sentimita 15, ingawa feni yenyewe haijapunguzwa kasi. Kwa sababu hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, na programu ya kusafisha huja mwisho kufuta mabaki. Maelezo haya yanamhusu anayerekodi simulizi, masomo, podikasti au matangazo chumbani kwake, katika nyumba ya kawaida ya mjini: sakafu ya vigae, paa la bati, madirisha yasiyofunga sawasawa na barabara yenye bodaboda usiku na mchana.

Sikiliza chumba kupitia maiki

Usiamini masikio matupu. Ukikaa chumbani nusu saa, ubongo unaacha kuhesabu mvumo wa friji, lakini maiki haiachi. Vaa hedifoni, kaa pale utakapokaa siku ya kazi, rekodi dakika moja ya ukimya, kisha isikilize kwa sauti kubwa. Kila unachokisikia kina jina lake: friji, feni ya kompyuta, taa ya mrija, redio ya jirani, lori linalopanda kilima. Kiandike.

Halafu zitenganishe. Kelele ya mfululizo, kama feni, mvumo wa umeme au mngurumo wa barabara ya mbali, programu inaiweza kwa kiasi. Kelele ya ghafla, kama honi, mbwa, mlango au mtoto anayelia, programu za kawaida haziiwezi. Unaikwepa kwa kuchagua saa, na ikitokea unarudia sentensi. Ya tatu wengi huiita kelele, kumbe ni mwangwi, yaani sauti yako mwenyewe inayogonga ukuta na kurudi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaobaki hewani baada ya kofi, chumba kina mwangwi, na hilo ndilo tatizo gumu kuliko yote matatu kuliondoa baadaye, kwa sababu mwangwi umetengenezwa kwa masafa (kasi za mitetemo ya sauti) yaleyale ya maneno yako.

Saa ya kurekodi

Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachoshinda saa nzuri. Kwa siku mbili, acha simu irekodi dakika moja kila baada ya saa moja au mbili, kisha linganisha. Mitaa mingi ya mjini hutulia kati ya saa tano usiku na saa tisa usiku. Baada ya hapo majogoo wanaanza, adhana ya alfajiri inafuata, na daladala au matatu za kwanza zinapasha injini. Mtaa wa makazi wenye watu wanaotoka kwenda kazini unaweza kuwa kimya zaidi saa nne asubuhi kuliko saa tatu usiku, televisheni zote zikiwa zimewashwa. Pima kwako, usinakili ratiba ya mtu mwingine.

Bati lina tabia zake. Asubuhi jua likilipasha, na jioni likipoa, linatanuka na kunywea, na kila mara linatoa mlio wa “tak” usiotabirika. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, funga kazi. Hakuna blanketi wala programu itakayookoa rekodi hiyo. Kelele inatoka juu, inajaza chumba kizima na ina masafa yote ambayo sauti ya mtu inayo.

Zima, sogeza, ziba

Feni na pangaboi vizimwe. Hapa Pwani joto la chumba kilichofungwa ni adhabu, kwa hiyo gawa kazi katika vipande vya dakika 15 hadi 20, na katikati washa feni, fungua dirisha, kunywa maji. Sauti ya mtu aliyechoka kwa joto inasikika pia.

Friji izimwe wakati wa kurekodi tu. Nusu saa au saa moja haiharibu chakula, mradi mlango haufunguliwi. Watu wengi husahau kuiwasha tena, basi weka funguo za nyumba ndani ya friji kabla hujaanza: hutatoka bila kuikumbuka.

Kompyuta yenye feni ikae angalau mita mbili kutoka kwenye maiki, au nyuma ya kizuizi kama sofa, na isikae juu ya meza moja na maiki. Funga vivinjari na programu nzito dakika kumi kabla, ili ipoe na feni yake itulie. Mtetemo wa meza nao hupanda kupitia stendi, kwa hiyo kunja taulo nene mara nne uiweke chini ya stendi. Kiti cha plastiki hulia ukijisogeza. Kaa kwenye kiti cha mbao kilicho imara au simama. Vua bangili, saa ya mkononi na nguo yoyote inayochakarika.

Sasa milango na madirisha. Sauti hupita pale hewa inapopita. Mlango wa upana wa sentimita 80 wenye uwazi wa sentimita moja chini yake umeacha tundu la sentimita 80 za mraba, na kupitia hapo utasikia mazungumzo ya sebuleni vizuri tu. Taulo lililoviringishwa na kubanwa chini ya mlango hufanya kazi kuliko sponji za bei kubwa ukutani. Madirisha ya vipande vya vioo vinavyopishana hayafungi kabisa; godoro lililosimamishwa dirishani na kubanwa na kabati litapunguza sauti za juu kama mazungumzo na milio ya ndege, ila mngurumo wa lori utapita kama kawaida. Kuzuia mngurumo kunahitaji uzito, yaani ukuta wa matofali usio na nyufa. Kama una vyumba viwili, chagua kile kisichotazama barabara hata kama ni kidogo na kina fujo. Chumba cha kulala chenye kitanda, mapazia mazito na kabati la nguo lililo wazi hushinda sebule ya vigae mara zote.

Kuua mwangwi

Kuziba sauti isiingie na kunyonya sauti iliyomo ndani ni kazi mbili tofauti, na pesa nyingi hupotea kwa kuzichanganya. Sponji nyembamba ya sentimita 2 au 3 haizuii kelele ya nje hata kidogo, na ndani inanyonya sauti za juu tu. Chumba kinabaki na mvumo wa chini na sauti inakuwa kama imefunikwa. Trei za mayai hazifai kwa lolote katika haya mawili. Ni nyepesi mno kuzuia, nyembamba mno kunyonya, na zinashika moto haraka.

Unene ndio unaofanya kazi. Duveti mbili au blanketi nzito, zilizotundikwa sentimita 10 mbele ya ukuta badala ya kugusana nao, hunyonya hadi sauti za chini zaidi kuliko zikibandikwa. Godoro la sentimita 15 lililosimamishwa ni bora zaidi. Kanga na shuka hazitoshi, hata zikiwa sita.

Mahali pa kuliweka godoro ndipo wengi hukosea. Wanaweka kinga nyuma ya maiki, kumbe maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi upande wa mbele, inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Sauti inayogonga ukuta huo inarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Basi kizuizi cha kwanza kiwe nyuma ya mgongo wako, cha pili pembeni, cha tatu nyuma ya maiki. Usikae katikati kabisa ya chumba wala usiegemee ukuta mtupu. Zulia au mkeka mnene uwe chini ya miguu, na kama meza ni tupu, itandike blanketi, kwa sababu meza nayo inarudisha sauti.

Kabati la nguo lililojaa hutumika vizuri: likae nyuma yako, milango yote ikiwa wazi, nguo zikining’inia. Kuingiza kichwa na maiki ndani ya kabati dogo huleta sauti ya sandukuni.

Maiki na umbali wake

Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti yako inayofika kwenye maiki inapanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kelele ya chumba inabaki pale pale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 ni nusu mbili, sawa na desibeli 12 za faida bila senti moja. Maiki ya kondensa, ile nyeti inayohitaji umeme ili ifanye kazi, iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, ambayo kwa wengi ni upana wa kiganja kilichotanuliwa. Ya dainamiki, ile isiyohitaji umeme kama za jukwaani, iwe sentimita 5 hadi 10.

Kusogea karibu kuna gharama mbili. Ya kwanza ni pumzi za herufi kama p, b na pw zinazogonga maiki kwa kishindo. Zielekeze pembeni: weka maiki usawa wa pua au shavu, ikielekea mdomo kwa mshazari wa digrii 30 hadi 45, ili pumzi ipite bila kuigonga. Ongeza kichujio cha pumzi sentimita 5 mbele yake. Soksi ndefu nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya inatosha. Ya pili ni kwamba maiki za kadioidi huongeza besi ukikaribia sana. Kiasi chake kinapendeza, kikizidi kinaondolewa baadaye.

Mgongo wa maiki ya kadioidi ndio upande inaosikia kidogo kuliko pande zote. Uelekeze kwenye chanzo cha kelele, mathalani dirisha la barabarani. Mbinu hii hufanya kazi chumba kikiwa kimetulia mwangwi. Katika chumba kitupu kelele hurudi kutoka kila ukuta na upande wa kuikwepa haupo. Maiki za USB zenye kitufe cha kuchagua mwelekeo wakati mwingine hukutwa zimewekwa kusikia pande zote. Angalia alama: ya kadioidi ina umbo la moyo.

Kuhusu ubishi wa kondensa na dainamiki: inasemwa kwamba dainamiki “haisikii kelele”. Inazisikia. Zikiwa na mwelekeo mmoja, umbali mmoja, na sauti yako ikiwekwa kimo kimoja, tofauti ya kelele ya chumba ni ndogo sana. Dainamiki inaonekana safi kwa kuwa watu huishika karibu na mdomo. Pia inahitaji kukuzwa sana, mara nyingi desibeli 50 hadi 60, na kifaa cha bei rahisi kikikuza kiasi hicho kinaongeza mchakacho wake chenyewe. Kama kondensa unayo, isogeze karibu kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Mvumo wa umeme

Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), hivyo mvumo wake husikika kwenye 50, 100 na 150 Hz. Ukisikia “mmmm” isiyobadilika hata ukiziba maiki kwa blanketi, haitoki hewani, inaingia kupitia waya. Chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Ikikoma, umempata mhalifu. Ikibaki, tenganisha waya wa maiki na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba, zisilale sambamba. Jaribu tundu jingine la USB, na usipitishe maiki kwenye kigawanyo cha USB kilichojaa vifaa vingine.

Wanaotumia umeme wa jua wachunguze inveta. Zile za bei ndogo zisizotoa wimbi laini huingiza mlio mkali kwenye chaja na taa. Taa za mrija na za kupunguza mwanga nazo hulia. Zizime, tumia taa ya betri. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni au nje ya chumba, kwani mtandao wa 2G huacha “dit-dit-dit” kwenye nyaya zisizokingwa vizuri.

Ukirekodi kwa simu

Simu ya kawaida inatosha kwa kazi nyingi, ila ina mazoea mawili mabaya. Kwanza, programu nyingi za kurekodi hupandisha na kushusha sauti zenyewe: ukinyamaza zinapandisha, na kelele ya chumba inavimba katikati ya sentensi. Tafuta programu yenye sehemu ya kuzima marekebisho hayo na inayohifadhi WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya Voice Memos uchague ubora wa Lossless, yaani usiopoteza kitu. Pili, maiki yake kuu kwa kawaida iko ukingo wa chini, kando ya tundu la chaja. Ukingo huo ndio uelekee mdomo, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, kwa mshazari. Usiilaze simu juu ya meza tupu. Isimamishe kwenye kitabu juu ya taulo.

Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo inakaa katikati ya kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, isiguswe na kola wala mtandio. Kabla ya kuanza, ikwaruze kwa ukucha ukiwa na hedifoni. Plagi za maiki hizi ni za aina mbili: ya simu ina pete tatu nyeusi, ya kamera ina mbili. Ukichomeka ya kamera, simu haiitambui na inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia. Kosa hilohilo lipo kwenye kompyuta, ambapo maiki ya USB inawaka taa vizuri huku programu ikisikiliza ya kompyuta iliyo kwenye skrini. Ukwaruzaji wa ukucha unafichua yote mawili.

Wakati wa kurekodi

Weka mipangilio ya programu ya kurekodi kuwa mono (njia moja ya sauti), 44.1 au 48 kHz, biti 24. Dakika moja itachukua takriban MB 8. Soma kwa sauti halisi ya kazi, si ya majaribio, na urekebishe ukuzaji (gain) ili vilele, yaani pale sauti inapokuwa kubwa kabisa, viguse kati ya -12 na -6 dB (0 ndiyo ukomo). Kupandisha ukuzaji hakuleti usafi, sauti na kelele hupanda pamoja. Kunakozidi kunaleta mpasuko usioponyeka.

Jaribu kwa sentensi yenye herufi ngumu, kama “dhahabu ya thamani ipo ghalani, papa na pweza wapo pwani, ng’ombe wa sheikh amefungwa shambani”. Ukisikiliza, p zisigonge na th, dh na gh zisikike wazi.

Kila kipindi kianze kwa sekunde 10 za ukimya, wewe ukiwa umekaa bila kupumua kwa nguvu. Utazihitaji kwa programu ya kusafisha na kwa kujazia mapengo. Honi ikipigwa katikati ya sentensi, acha, subiri sekunde tatu, piga kofi moja mbele ya maiki, rudia sentensi yote tangu mwanzo. Kofi litaonekana kama mwiba kwenye mchoro wa sauti, na kuhariri kutakuwa rahisi. Kurudia kuanzia katikati ya neno huacha kiungo kinachosikika.

Kusafisha kwenye kompyuta

Audacity ni ya bure na inatosha. Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaathiri inayofuata.

1. Kata sauti za chini zisizo na maneno: chujio la kupitisha za juu (High-Pass Filter) kwa 80 Hz kwa sauti nzito, hadi 100 Hz kwa nyembamba. Mngurumo wa barabara na mitetemo ya meza hupungua hapa. Ukipita 120 Hz, sauti nzito inakonda na ng’ inapoteza mwili.

2. Punguza kelele ya mfululizo. Chagua zile sekunde za ukimya, fungua Noise Reduction kwenye menyu ya Effect, bonyeza Get Noise Profile. Kisha chagua rekodi yote, rudi palepale, weka upunguzaji wa desibeli 6 hadi 9, unyeti (Sensitivity) 6 au chini yake, ulainishaji (Frequency smoothing) kati ya 3 na 6.

3. Kabla ya kukubali, chagua Residue usikilize kinachotupwa. Ukisikia mchakacho mtupu, sawa. Ukisikia maneno, umezidisha, punguza.

4. Ndipo ufuate usawazishaji wa toni (EQ), kisha kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na mwisho kidhibiti cha vilele (limiter).

Hatua ya pili ndipo rekodi nyingi huharibiwa. Mtu anaona kelele imebaki kidogo, anaweka desibeli 24, na sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya maji. Kwa masikio ya programu, s, sh, f, th, dh na gh zinafanana na mchakacho wenyewe, kwa hiyo ndizo zinazoliwa kwanza: “dhambi” inaelekea “ambi”. Mipitisho miwili ya desibeli 6 kila mmoja, ukichukua sampuli mpya ya ukimya kati yake, huumiza kidogo kuliko mmoja wa 12 au zaidi. Zana za akili unde za kusafisha zina uwezo mkubwa zaidi, hata kwa mbwa na mwangwi kiasi, lakini zinaweza kubadilisha matamshi. Sikiliza neno kwa neno kabla ya kutuma.

Kompresa inapoinua sauti kwa desibeli 6, kelele nayo inapanda 6, ndiyo maana kusafisha kunatangulia. Geti, ile inayonyamazisha kila unaponyamaza, itumike kwa upole: ishushe sauti kwa desibeli 6 hadi 10 tu. Ikikata kabisa, msikilizaji anasikia chumba kikiwaka na kuzimika baada ya kila neno. Palipo na kikohozi au mlango, bandika kipande cha ule ukimya wa mwanzo badala ya kufuta kuwa kimya tupu.

Kipimo cha kulenga kinategemea kazi. ACX, wanaopokea vitabu vya sauti vya Audible, wanataka kelele iliyobaki ukinyamaza iwe chini ya -60 dB, sauti kwa wastani kati ya -23 na -18 dB, na vilele visivuke -3 dB. Podikasti yenye muziki chini yake inavumilia -50 bila mtu kulalamika. Pima kelele baada ya kuweka sauti kwenye kimo chake cha mwisho, kwani rekodi iliyo chini sana huonekana safi hadi ipandishwe.

Hifadhi nakala ya WAV ambayo hujaigusa, na geuza kuwa MP3 mwisho kabisa. Kusafisha faili iliyokwisha kubanwa huacha milio ya kengele ndogondogo juu ya maneno. Ukimtumia mhariri kwa WhatsApp, itume kama hati. Ikitumwa kama ujumbe wa sauti inabanwa upya, na ukimya uliouhangaikia unarudi na mchakacho.